Sura Niliyoizeesha

Makole, Dodoma
Jioni ya kuamkia safari yako

Nyemo mwanangu,

Nakusikia hapo chumbani unapanga nguo na kuzipangua. Mimi niko jikoni, nimeweka karatasi kwenye meza ya kukatia mboga. Baba yako nimemdanganya kwamba natunga maneno ya bango la saluni, asije akanisimamia kichwani. Ameamini. Huyo ukimtajia kazi haulizi la pili.

Mambo ya blanketi na baridi ya Arusha siandiki. Shangazi yako ameshinda hapa kutwa nzima akikuhubiria hayo, na nilivyomwona anaondoka, hata yeye alikuwa amechoka na sauti yake. Mimi nina jambo moja tu, na unalijua.

Jumapili tulipotoka kanisani ulinikalisha barazani, ukafungua daftari lako jipya la michoro, ukurasa wa kwanza kabisa, ukanipa penseli. Ukasema, "Mama, nichore. Mara moja tu, niwe na mchoro wako huko." Nikasema maharage yangu yataungua. Ukasema, "Mama, hatujabandika maharage." Na kweli hatukuwa tumebandika. Nikainuka hivyo hivyo. Ndipo ukasema lile neno, taratibu, bila hata kukasirika: "Nusu ya marehemu wa mkoa huu umewachora wewe. Mimi mpaka nife?"

Niliingia zangu ndani. Nimezunguka na swali hilo humu ndani wiki nzima, napika nalo, nalala nalo. Kesho ukipanda basi bila jibu utakwenda ukidhani mama yako hakupenda kukutazama. Mungu wangu, ingekuwa hivyo ningekuwa na raha. Uso wako naupenda mpaka nauogopa, Nyemo, na leo nitakwambia kwa nini, hata kama nitaonekana mjinga.

Unajua kwamba zamani nilichora marehemu, lakini unajua kwa kusikia tu. Ulipopata akili nilikuwa nimeshaacha, nachora samaki na mikasi kwenye kuta za maduka. Wakati ule simu za kupiga picha zilikuwa hazijatufikia. Mtu wa kijijini angeweza kuishi, akazaa, akazeeka, akafa, bila kupigwa picha hata moja, au amepigwa ile moja ya kitambulisho ikaliwa na jasho mfukoni. Kiangazi kikifika, watu wakishavuna, ndipo ndugu wanapojengea makaburi ya watu wao, na siku hiyo walitaka uso wa kuweka pale mezani, wageni wauone. Basi walikuja kwangu. Wenye kipicha nilikikuza kwa kukigawa vyumba vyumba vya mistari, namna ile niliyokufundisha na rula. Wasio na kitu walikuja na ukoo.

Ungewaona! Baraza linajaa, na kila mmoja ana kipande cha marehemu. "Pua tazama ya huyu kaka yake. Masikio hapana, masikio ni ya huyu binti." "Kidevu alikuwa nacho hivi, kama mtu anayetaka kukukatalia kitu." Wanabishana, wanacheka, mmoja anaanza kulia na wenzake wanamwambia atoke asimchanganye mchoraji. Mimi naokota hapa na pale mpaka mtu anatokea kwenye karatasi, na wote wananyamaza. Nilikuwa najua kazi, sitajifanya mnyenyekevu mbele yako. Na nilipenda ule ukimya. Pengine niliupenda kuliko nilivyowapenda wao.

Kiangazi kile ulikuwa tumboni mwangu, mkubwa tayari, unanipiga mateke kila nikiinama. Akaja mzee mmoja wa upande wa Mvumi, mrefu, ameshika kofia mkononi, na mkewe, na binti yao. Walikuwa wamefikia kwa ndugu zao hapa mjini, mtaa wa Kikuyu. Mzee alitaka kumjengea mama yake aliyekufa miaka mingi nyuma, hata huyo binti hajazaliwa. Nikauliza kama wana picha.

"Picha hatuna," akasema. "Lakini mwenyewe tumekuja naye."

Akamsukuma binti mbele. Binti aliitwa Sechelela, na bibi yake marehemu aliitwa Sechelela. Hayo ya majina huhitaji kufundishwa, wewe ni Mgogo. Mtoto akibeba jina la bibi yake, ndiye bibi. Baba yake alikuwa akimwita mama, tena bila mzaha. Mama yake, ambaye kwa mila alikuwa mkwe wa lile jina, alisimama nyuma yao akicheka. "Mama mkwe wangu huyo," akaniambia. "Mpaka leo ananisumbua na chai."

Mzee alisema watu wote waliomjua mama yake wanakubali: binti ni yeye mtupu. "Mchore huyu, umwongezee miaka tu."

Mtu wa kabila jingine pengine angeshtuka. Mimi sikushtuka. Ilikuwa kama kuniambia maji yanachemka. Ndiye yeye, basi mzeeshe. Nikasema karibuni kesho mchana.

Sechelela alikuja siku tatu. Alikuwa na umri kama wako sasa, na hakujua kutulia. Anatafuna karanga, anaongea, anageuka kila mtu akipita njiani. Nikimwambia tulia, anatulia kidogo halafu anasema, "Nizeeshe polepole, mama. Nina haraka gani?" Anajichekesha mwenyewe. Siku ya mwisho aliweka mkono wake juu ya tumbo langu, bila hata kuomba, ukampiga teke, akaruka. Akasema, "Huyu ana hasira na mimi, nimemkalisha mama yake." Kwa hiyo mlishawahi kugusana, wewe na yeye.

Nitakwambia nilivyofanya kazi, kwa sababu kosa langu liko humo humo kwenye kazi. Uso hauzeeki kwa mikunjo kama watu wanavyodhani, unazeeka kwa kushuka. Kope zinashuka, mashavu yanashuka, pembe za mdomo zinafuata. Nilimtazama yule binti nikitafuta pa kushusha. Baba yake alisema bibi alikuwa na ndewe ndefu za kutobolewa, kama wazee wetu wote, nikamtoboa masikio kwa penseli nikayavuta. Bibi aling'olewa meno ya chini usichanani, nikamng'oa. Karatasi za majaribio nilijaza nyingi, na zote ni kikongwe, kikongwe, kikongwe. Sikumchora mara moja alivyokuwa, na karanga zake mdomoni. Hata kwenye kona ya karatasi, hata kwa mzaha. Hakuna aliyeniagiza hilo, na mimi sikuona sababu.

Siku ya kujengea kaburi nilikwenda. Walipoivua picha kitambaa, vibibi vilipiga vigelegele halafu vikalia. "Ndiye! Ndiye kabisa!" Mdogo wa yule marehemu, ambaye macho yalikuwa yameshaingia ukungu, alisogeza uso mpaka karibu aguse kioo na akaanza kuisimulia ile picha habari za ukoo. Sechelela alisimama kando ya fremu, watu wanamtazama yeye, wanatazama picha, wanacheka. Mjomba mmoja akamwambia, "Wewe hata uzeeni hujifichi tena, tumeshakuona." Nami nilikaa pale na tumbo langu, nakula nyama, nasifiwa. Sijawahi kujisikia mkubwa vile.

Ulizaliwa mvua zilipoanza. Na mvua hizo hizo ndizo zilizomchukua Sechelela. Unayajua makorongo yetu: kutwa mchanga mtupu, unavuka na viatu vyako, juu hakuna hata wingu, kumbe mvua imenyesha huko milimani mchana kutwa. Alikuwa anarudi kutoka kusaga. Walioshuhudia walisema maji yalitokea kwenye kona yamesimama kama ukuta. Walimpata mbali sana. Hawakumwonyesha mama yake uso.

Watu ni watu. Maneno yalianza, na yalinifikia hapa Makole kwa njia ya mteja. Kwamba yule mchoraji alimmalizia binti uzee wake. Aliuchukua wote akaumwaga kwenye karatasi, binti akabaki hana miaka ya kuishi. Yule mteja alinisimulia kama jambo la kuchekesha, na mimi nikacheka naye, huku nakunyonyesha.

Mimi nimeokoka, unanijua, na habari za penseli kuita kifo sizikubali. Lakini mkono wangu haujaokoka.

Halafu akaja Mama Sechelela mwenyewe. Mvua zilikuwa zinaishia. Nilisikia sauti inasalimia "Mbukwa" mlangoni, nikaitika kabla sijageuka, nilipogeuka nikamwona. Nilidhani amekuja kunitukana. Ningemwacha anitukane. Hakutaka kiti, alikaa chini kwenye mkeka, akafungua kanga, na ndani ya kanga kulikuwa na picha, na fremu yake na kila kitu.

Nikamwuliza, "Mzee anajua umeitoa?"

"Hajui. Amekwenda Kongwa kwenye ng'ombe, anarudi keshokutwa." Akaisimamisha ukutani. Tukaitazama wote wawili. Akasema, "Wanasema ni mama yake. Sikatai. Ila wewe na mimi tunajua aliyekaa kwenye kile kiti ni nani."

Nikakuhamishia bega la pili.

"Nafagia sebuleni kila asubuhi," akasema. "Nikiinua macho, mdomo wenyewe unasema shikamoo mama. Ni mkwe wangu yule, nifanyeje? Ukishazoea kumwamkia mkwe umezoea. Halafu ndiyo nakumbuka. Kila asubuhi namwamkia mwanangu shikamoo."

Nyemo, nimesikia vilio vingi katika kazi yangu. Ile sauti ya kawaida aliyosemea maneno yale sijaisikia tena kwa mtu yeyote, na sitaki.

Nikamwuliza kama hana picha yoyote ya binti. Akasema iko moja, ya darasa la saba, wamesimama wengi. "Aliyekaa mbele yake ana kichwa kikubwa." Tukacheka. Mungu atusamehe, tulicheka kweli, halafu tukaacha kwa pamoja.

"Ulimzeesha wewe," akasema. "Sasa mrudishe. Futa."

Ile yenyewe sikuigusa, ilikuwa ya mzee. Nikamwambia nitachora nyingine nikiitazama hii, aende Kikuyu kwa ndugu zake alale, arudi kesho yake. Nilikuwa na hakika. Uzee niliuweka mimi, nitashindwaje kuutoa? Nikakufunga mgongoni nikaanza. Nikalainisha paji. Nikainua kope, nikajaza mashavu, nikafunga ndewe, nikarudisha meno. Na kila nilichoondoa, chini yake hapakuwa na kitu. Nikatafuta. Macho yake yalikuwaje akikaribia kucheka? Alianza kucheka na upande gani wa mdomo? Siku tatu nilikaa naye karibu kama mimi na hili sinia hapa mezani, na sikujua! Nilikuwa nimemtazama kila mahali isipokuwa alipokuwa. Nikafuta, nikachora, nikafuta, mpaka karatasi ikaota manyoya. Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi yangu yalinijia hivyo hasa, kwa mjukuu wa watu.

Lakini kufikia asubuhi palikuwa na uso. Msichana mzuri, ametulia, anakutazama. Nilijiambia huenda ndiye. Huenda mama yake atamwona hata kama mimi simwoni.

Alikuja, akaishika, akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga. Akaitazama kwa muda mrefu. Alikuwa mtu muungwana sana, hata sasa ninapomkumbuka namwona akitafuta neno zuri la kunipa.

"Mzuri," akasema. "Mzuri kweli. Huyu ni mtoto wa nani?"

Hakuwa ananikejeli. Aliuliza kama mtu anavyouliza akikuta mtoto mgeni uani. Nikamwambia achukue tu, hata hivyo, pengine akiizoea. Akatikisa kichwa. "Siwezi kuondoka naye, mama. Kwao watamtafuta." Akamfunga mkwewe kwenye kanga, akanishukuru kwa kujitahidi, akaniombea heri na mtoto, yaani wewe, akaondoka. Sikumwona tena.

Ile picha yangu ya msichana niliipandisha juu ya kabati, uso ukutani. Penseli ya sura nikaiweka chini. Ndiyo maana ulipoanza kuchora, na ulianza kabla hujajua kusema vizuri, nilikuwa nakwambia chora mbuzi, chora nyumba, chora sufuria. Ukichora mtu nakwambia miguu imekosewa. Hukunisikiliza, ng'o. Nyuma ya kalenda, kwenye maboksi ya sabuni, watu tu, watu. Ulipokuwa unakwenda sokoni Majengo na daftari ukarudi na wale mama wa nyanya wote na midomo yao wazi, mimi nilikuwa natazama haraka haraka nakurudishia. Ulidhani sijavutiwa. Nilikuwa naogopa kumkuta mtu.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo lililonifunga mikono.

Mwaka ule ulipomaliza kidato cha nne, jioni moja ulikuwa unaanua nguo. Upepo wetu huu wa Dodoma ukakupiga na shuka usoni, ukaitoa, ukanigeukia. Nikamwona yule msichana wa juu ya kabati. Yule yule. Amesimama uani kwangu na shuka mkononi. Nikakufokea, nikasema nguo umezianua mbichi, na hazikuwa mbichi, ukanishangaa. Usiku ule sikula. Nilikuwa nawaza maneno ya yule mama: kwao watamtafuta. Kumbe kwao ni hapa. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nilichukua uso wa mwanangu mchanga nikauweka mahali pa msichana aliyekufa, nikauacha hapo. Wewe unaniambia nikuchore! Mimi naona nilishakuchora, tena mahali pabaya. Nikiongeza mstari mwingine nitakuwa nakamilisha nini?

Basi. Hilo ndilo jibu la lile "mpaka nife" lako. Kila ulipochelewa kurudi, kila mvua iliponyesha, mimi nilitazama lile kabati. Ulikuwa unasema mama ana wasiwasi sana, na unawaigizia rafiki zako ninavyosimama getini. Niliona.

Lakini barua isingeandikika kama mambo yangeishia hapo. Tangu Jumapili nimekuwa nakuiba. Ukila, ukisuka nywele, ukibishana na baba yako, mimi nakutazama kwa pembeni, kwa mara ya kwanza tangu uwe mtu mzima, kama mchoraji anavyotazama. Nyusi yako ya kushoto imekatika pale ulipojigonga kwenye ngazi za kanisa. Jino moja la juu limempanda mwenzake. Ukitaka kusema uongo, shavu la kulia ndilo linaloanza. Sikio moja limesimama kuliko lingine, sijui ni kwa upande wangu au wa baba yako, kila mmoja anamsingizia mwenzake.

Leo mchana ulipokwenda kuaga watu, nilipanda kiti nikaishusha ile picha. Nikaifuta vumbi nikaiweka mwangani, pale pale mlangoni alipoishikia yule mama. Nyemo, hana hata kimoja. Nyusi zote mbili nzima. Masikio sawasawa. Meno yamepangwa kama ya tangazo la dawa ya meno. Pua ndiyo, pua ni ya kwetu, ya mama yangu na ya dada zangu, kwa sababu mkono usipojua unachora nini unachora wa kwao. Jioni ile ya shuka niliona pua na woga wangu. Nikakaa chini sakafuni nikalia, na baadaye nikajisikia njaa, nikala viporo vyako vya mlenda.

Miaka yote hii nimekulinda dhidi ya msichana asiyekuwapo, na katika kukulinda nikaacha kukutazama. Yaani nilirudia lile lile. Nilimkosa mtoto wa mwenzangu siku tatu, wangu nikamkosa miaka. Hili linaniuma kuliko la kwanza.

Unakwenda kuchorea watoto vitabu, na mimi si wa kukufundisha hayo ya kibao chako cha umeme, ambako ukikosea unagusa tu na kosa linaondoka kama halikuwapo. Penseli ikifutwa karatasi inakumbuka. Sisemi kipi ni bora, nasema tu nilivyozoea. Lakini ile kazi ya majaribio waliyokutumia, watoto wanacheza mpira wa makaratasi, uliponionyesha nilisema tu nzuri. Haikuwa nzuri yote. Yule golikipa ni mtu, nilimpenda, nilitaka kumfunga kamba za viatu. Wale wawili wa nyuma uliwachora usiku umechoka, macho duara, mdomo mstari. Wazuri, wametulia. Ni watoto wa nani? Mtu wa ofisini hataona. Atakulipa na kukusifu, na utaona inawezekana kuwachora hivyo hivyo mwaka mzima, na mkono utazoea. Wangu ulizoea kwa sifa za kiangazi kimoja.

Na usidhani nakwambia udharau kazi ya kuagizwa. Bango la bucha limekusomesha. Watakwambia badilisha, badilisha, punguza pua, ongeza furaha. Ni haki yao. Ila kabla hujampa mtu anachokitaka, mpe yule aliyekaa mbele yako mistari miwili mitatu alivyo, kwenye daftari lako, ambayo hakuna aliyeiagiza. Anayetafuna, atafune. Mimi nikikumbuka yale mashavu yamejaa karanga nataka kugonga kichwa ukutani. Mistari mitano tu, Nyemo, ningempa mama yake akaenda nayo.

Utakosea mengine ya kwako, sijui ni yapi. Siwezi kukukingia hayo, na nikijaribu nitakuwa narudi kule kule getini.

Nimekusikia umezima redio. Nitaipitisha barua hii chini ya mlango. Isome leo au isome ukiamka, shauri yako, lakini ukishaisoma usije kunikumbatia na kunililia, nitashindwa kazi. Kukipambazuka njoo barazani kabla baba yako hajaanza kelele zake za mabegi. Lete lile daftari, ukurasa ule wa kwanza. Usijipake kitu. Ukitaka kuongea ongea, ukitaka kumtukana shangazi yako mtukane, ila usitulie. Huenda mchoro ukawa mbaya, sijachora uso wa mtu hai tangu ukiwa tumboni. Ukiwa mbaya utaondoka nao hivyo hivyo.

Nitachora nyusi iliyokatika na jino lililopanda. Nitafika pale ulipofika wewe, na hapo nitaweka penseli chini. Miaka iliyobaki siigusi hata kwa mstari mmoja, ni yako, nenda nayo yote. Na siku mtu atakapokukalisha kwenye kiti akuchore bibi kizee, kope zimeshuka zenyewe, nataka mimi niwe nimeshajengewa kaburi zamani sana, na watu wamesahau hata nilivyofanana.

Mimi mama yako